Na Mtoto Je?

Kosa lilikuwa langu. Nilikata tiketi za treni kutoka Delhi kwa siku ya Ijumaa, na Ijumaa Taj Mahal hufungwa. Hupita wenyeji tu wanaokwenda kuswali. Mama, ambaye goti lake ndilo lililotupeleka India, alikaa ndani ya bajaji (ndiyo, bajaji zilezile za kwetu) akaniangalia bila kusema neno. Mkunga mstaafu wa Tanga hana haja ya kugomba.

Dereva ndiye aliyetuokoa. Alituvusha mto Yamuna hadi Mehtab Bagh, bustani iliyo ng'ambo, inayotazamana na mgongo wa lile jengo. Jua lilikuwa linazama kuliani kwetu. Tukakaa karibu na seng'enge, nyati wa kufugwa wakipanda kutoka majini, na harufu ya mto si ya kuhadithia. Marumaru ilianza na rangi ya maziwa, ikawa chai ya maziwa, kisha ubavu wa kulia ukaiva kama embe dodo huku wa kushoto umeshakuwa majivu.

"Msikiti huo?"

"Kaburi, Mama." Nikamweleza: Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, alifariki mwaka 1631 huko Burhanpur akijifungua mtoto wa 14.

"Wa ngapi?"

Nikarudia. Akasonya, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na mtoto je?"

Sikuwa na jibu.

Jumamosi tulipanga foleni bado giza, maana lango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Lango kuu ni la mawe mekundu, na maandishi ya Kiarabu yaliyolizunguka ndiyo yaliyomsimamisha Mama. Alisoma polepole, kidole kikifuata hewani: Suratul Fajr, mpaka pale nafsi iliyotulia inapoambiwa irejee kwa Mola wake. Herufi za juu zimefanywa kubwa kuliko za chini, ili aliye chini azione sawasawa. Watu walitupita mbio wakawahi picha. Sisi tulikuwa bado tunasoma.

Kwa hiyo tulipotoka upande wa pili, kulikuwa na ukungu na jengo halikuwa na rangi yoyote. Minara minne ilikuwa imekatika vichwa. Goti likamtaka Mama akae, tukakaa, na hilo naliona bahati: taratibu kuba likachomoza kutoka kwenye moshi ule, kwanza buluu ya mshipa wa mkono, halafu waridi upande wa mashariki. Marumaru hiyo ilitoka Makrana, Rajasthan, na kwa asubuhi ile nusu saa tu ilibadilika mara tatu.

Ndani, Mumtaz amewekwa katikati barabara; Shah Jahan yuko pembeni yake, kama mtu aliyekuja mwisho akaomba asogezewe nafasi. Makaburi yenyewe hasa yako chini, haya ya juu ni ya kuonekana. Mlinzi mmoja aligusisha tochi kwenye ua lililotiwa ukutani na akiki nyekundu ikawaka kama kaa. Mama hakuliangalia. Alishainua mikono, anamsomea Fatiha.

"Aliyekufa kwa uzazi ni shahidi," alinong'ona tukitoka.

Saa sita mchana tulikuwa kwenye ngome ya Agra, ambako Shah Jahan alifungiwa na mwanawe Aurangzeb tangu 1658 hadi kufa kwake mwaka 1666. Kutoka barazani pale unaliona kaburi la mkewe kule kwenye pindo la mto. Jua la utosini lilikuwa limelifuta kila kivuli. Lilikuwa jeupe tupu.

"Sanda," alisema Mama.

Nikatoa simu, kwa kuwa mtandao ulishika. Mtoto yule alikuwa wa kike, Gauhara Begum. Alifariki mwaka 1706.

Mama akahesabu kwa vidole, akarudia. "Miaka sabini na tano." Akavuta mtandio kichwani. "Basi mkunga wake hakushindwa yote. Haya, nishike mkono, ngazi hizi ni za wafalme."