Masharti Ambayo Msomaji wa Uhakiki wa Gemu Haonyeshwi

Mtu akisema kwamba mhakiki fulani wa gemu amenunuliwa, wengi wetu huiona bahasha ya kaki ikipita chini ya meza, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusikia habari za waandishi wanaolipwa ili wasifu au wanyamaze. Nimeifuatilia biashara ya gemu kwa muda mrefu, na kadiri ninavyozisoma kesi zake zilizofika mbele ya mamlaka au zilizosimuliwa na wahusika wenyewe, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba bahasha ni sehemu ndogo sana ya tatizo. Kampuni kubwa ya gemu haina haja ya kumhonga mtu. Ni yenyewe inayoamua nani ataipata gemu kabla ya umma, ataipata lini, ataichezea kwenye mashine ipi na ataruhusiwa kuonyesha nini, na uamuzi huo huandikwa katika masharti ambayo msomaji hayaoni. Kwa hiyo sioni kwamba inatosha mhakiki kutuambia kuwa alipewa gemu bure. Ninachotaka kukijua ni kwamba aliipokea kwa masharti yapi.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni wa Middle-earth: Shadow of Mordor, gemu iliyotolewa na Warner Bros. mwishoni mwa Septemba 2014. Kupitia wakala wa matangazo aitwaye Plaid Social Labs, kampuni hiyo iliwaendea watu wenye wafuasi wengi kwenye YouTube, ikawapa nakala za mapema pamoja na malipo yaliyoanzia mamia ya dola na kufikia makumi ya maelfu. Kwa upande wao walitakiwa waizungumzie gemu kwa wema, na wasionyeshe hitilafu yoyote ambayo huenda wangekutana nayo. Sharti hilo la pili ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kumlipa mtu atangaze bidhaa ni biashara ya kawaida, na hakuna anayeduwaa akiona msanii anasifia sabuni. Lakini mtu anayecheza gemu mbele ya kamera, huku akishangaa na kucheka, anaaminika kwamba anatuonyesha kila kilichomtokea. Mtazamaji hawezi kudhani kwamba gemu ikikwama au mhusika akizama ardhini, kipande hicho hakitaonyeshwa kwa sababu mkataba umekikataza.

Palikuwa pia na suala la mahali pa kuutaja udhamini. Washiriki walielekezwa kuuandika katika maelezo yaliyo chini ya video, sehemu ambayo mtazamaji haioni yote mpaka abonyeze ili ifunguke, na ambayo haionekani kabisa video hiyo inapochezwa kupitia mtandao mwingine wa kijamii. Wengine walisema tu kwamba wamepewa nakala ya mapema, bila kusema kwamba wamelipwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipotangaza makubaliano yake na Warner Bros. mnamo Julai 2016, ilieleza kwamba video hizo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 5.5, na kwamba ile ya PewDiePie, mchezaji gemu maarufu wa YouTube, peke yake ilipita mara milioni 3.7. Hakuna faini iliyotozwa. Kampuni iliamriwa tu kwamba siku za usoni ihakikishe udhamini unatajwa waziwazi. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba gemu yenyewe ilikuwa nzuri kweli, na mwaka 2015 ilitunukiwa kuwa gemu bora ya mwaka katika tuzo za Game Developers Choice. Sifa ilizonunua ingezipata bure.

Mwaka uliotangulia makubaliano hayo, tume hiyohiyo ilikuwa imeishughulikia Machinima, kampuni ya video za gemu za YouTube, iliyowalipa watu wawili dola 15,000 na dola 30,000 ili waisifu mashine ya kuchezea gemu ya Xbox One bila watazamaji kuambiwa kwamba ni tangazo. Katika habari zile kuna jambo dogo ambalo naliona ni kiini cha yote: mkataba wa Machinima uliovuja Januari 2014 uliwataka washiriki waufanye mkataba wenyewe kuwa siri, pamoja na viwango vya malipo na mambo waliyotakiwa kuyafanya. Kulificha sharti lilikuwa mojawapo ya masharti.

Siwezi kuandika juu ya maadili katika uandishi wa habari za gemu nikaupita mwaka 2014 bila kuitaja Gamergate, maana kelele zile ndizo zilizoyachafua maneno haya kiasi kwamba hadi leo mtu akiyatamka hutiliwa shaka. Kuanzia Agosti ya mwaka huo, maelfu ya watu mtandaoni walidai kwamba wanatetea maadili, huku wakimwandama mtengenezaji wa gemu Zoë Quinn kwa matusi na vitisho, kwa tuhuma kwamba alipata uhakiki mzuri kwa sababu ya uhusiano wake na mwandishi mmoja. Uhakiki huo haukuwapo. Mwandishi aliyetajwa hakuwahi kuihakiki gemu ya Quinn iitwayo Depression Quest, na gemu yenyewe ilikuwa ya bure. Wiki chache baadaye, katika majira yaleyale, masharti ya Shadow of Mordor yalianza kujulikana, baada ya wahakiki kadhaa, akiwamo Mwingereza John Bain aliyefahamika zaidi kwa jina la TotalBiscuit, kuyazungumzia hadharani. Hapo palikuwa na kampuni kubwa, fedha nyingi na mkataba wa maandishi. Hata hivyo, hasira haikuielekea kampuni hiyo hata kwa robo ya nguvu iliyotumika dhidi ya mwanamke mmoja aliyetengeneza gemu isiyouzwa. Nauweka ulinganisho huu hapa kwa makusudi, kwa kuwa naona ndio unaotenganisha anayejali maadili na anayetafuta mtu wa kumsumbua.

Nguvu ya masharti haiwabani wapokea malipo peke yao, bali humfuata hata mwandishi aliyeajiriwa. Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya GameSpot, alifukuzwa kazi muda mfupi baada ya kuipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6.0 kati ya 10. Wakati huo kurasa za tovuti hiyo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya gemu hiyohiyo, yaliyolipiwa na Eidos, kampuni iliyoitoa. Wasomaji waliziunganisha habari hizo mbili mara moja, nayo tovuti ikakana kwamba mtangazaji ndiye aliyesababisha. Gerstmann mwenyewe hakuweza kusema lolote, kwa kuwa makubaliano ya kuondoka kwake yalimfunga kinywa. Wenzake kadhaa waliacha kazi, na mwaka 2008 alianzisha tovuti ya Giant Bomb. Ukweli ulitoka Machi 2012, na ulitoka kwa njia ya ajabu: kampuni iliyokuwa inaimiliki GameSpot wakati huo, CBS Interactive, iliinunua Giant Bomb, na kifungo cha kunyamaza kikaondolewa pamoja na ununuzi huo. Ndipo akaeleza kwamba uongozi uliokuwa mpya na usiozoea mambo ya uhariri ulitikisika baada ya watangazaji kutishia kuondoa fedha zao kwa sababu ya alama za uhakiki. Zaidi ya miaka 4, msomaji wa kawaida alikuwa na tetesi tu, wakati mtu aliyekuwa na jibu alikuwa hai, anafanya kazi, na anaandika kila siku.

Kesi inayonikera zaidi, hata hivyo, ni ya Cyberpunk 2077, kwa kuwa ndani yake hapakuwa na bahasha, hapakuwa na mtu aliyefukuzwa, na karibu kila mhakiki aliandika kile alichokiona kweli. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipanga kuitoa gemu hiyo tarehe 10 Desemba 2020 kwa ajili ya kompyuta pamoja na mashine za PS4 na Xbox One, na watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuilipia kabla haijatoka. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake. Katika uhakiki wao wa kwanza, uliotoka siku 3 kabla ya mauzo, hawakuruhusiwa kuonyesha video walizozirekodi wenyewe, wakabaki kutumia zile walizopewa na kampuni. Kwenye kompyuta yenye nguvu gemu ilipendeza, alama zikawa za juu, na wasomaji wakapata picha kwamba gemu ni nzuri. Kisha wenye PS4 wakaiwasha, wakakutana na picha zenye ukungu, watu wanaochelewa kutokea barabarani, na gemu inayozima katikati ya safari.

Siku 4 baada ya kuanza kuuzwa, kampuni iliomba radhi kwa kutoionyesha gemu kwenye mashine hizo za zamani kabla ya kuitoa. Siku chache baadaye Sony, inayotengeneza PS4, iliiondoa katika duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarudishia fedha walioinunulia humo. Haikurejea mpaka Juni 2021. Wawekezaji waliishtaki CD Projekt nchini Marekani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.85.

Wahakiki wengine walitaja kwamba walicheza kwenye kompyuta, na baadhi wakaonya kwamba hawajaiona kwenye PS4. Nawapa heshima yao. Lakini sentensi hiyo mara nyingi ilikaa mbali na alama, na alama ndiyo inayosafiri. Hapa ndipo sisi wa huku tunapoingia, kwa sababu katika miji yetu PS4, tena mara nyingi iliyotumika, ndiyo mashine ambayo wengi waliimudu, si kompyuta ya mamilioni. Aliyenunua diski dukani alikuwa ameshikilia risiti iliyoandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, na ahadi ya Sony haikumhusu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyehitaji uhakiki kuliko wote, na toleo lake ndilo ambalo wahakiki hawakupewa nafasi ya kulijaribu ipasavyo kabla ya siku ya mauzo.

Sisemi kwamba kila sharti ni baya. Tarehe ya pamoja ya kuchapisha, kwa mfano, inamsaidia mhakiki, kwa kuwa inampa muda wa kuimaliza gemu ya saa 40 bila hofu kwamba mwenzake atamtangulia kwa kuandika baada ya saa 5. Tatizo huanza pale kampuni inapotumia nakala ya mapema kama zawadi kwa mtiifu na adhabu kwa mkaidi. Novemba 2015 tovuti ya Kotaku iliwaeleza wasomaji wake kwamba Bethesda na Ubisoft zilikuwa zimeacha kuipa nakala na hata kuijibu, baada ya tovuti hiyo kuandika habari za gemu ambazo kampuni hizo hazikuwa tayari kuzitangaza. Mwaka uliofuata Bethesda ilitangaza kwamba wahakiki wote watapata nakala siku moja tu kabla ya mauzo. Angalau katika hilo ilisema wazi, nasi tukajua.

Kuna ujanja mwingine ambao hata mhakiki mwenye uhuru kamili hawezi kuuzuia. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019, ikahakikiwa kama gemu ambayo ukishainunua huombwi fedha tena, jambo ambalo lilikuwa limesemwa na upande wa Activision, kampuni iliyoitoa, wenyewe. Mwanzoni mwa Agosti, uhakiki ukiwa umekwisha kuandikwa na alama kutolewa, sarafu za ndani ya gemu zikaanza kuuzwa kwa fedha halisi. Uhakiki wa Juni haukuwa wa uongo siku ulipoandikwa, lakini aliyeusoma Septemba alikuwa anasoma habari za bidhaa isiyokuwapo tena. Tovuti chache hurudi kuurekebisha uhakiki wa zamani. Nyingi huuacha ulivyo, alama yake ikiendelea kuvuta wanunuzi.

Duka la gemu la mtandaoni la Steam lina alama ndogo inayoonyesha kwamba aliyeandika maoni aliipata gemu bure. Ni mwanzo mzuri, ila inajibu swali jepesi kuliko yote. Ningependa uhakiki wa mapema uanze, juu kabisa na kabla ya sifa ya kwanza, kwa mistari michache inayotaja mashine iliyotumika, matoleo ambayo mhakiki aliyaomba akanyimwa, kama video ni zake au ni za kampuni, sehemu za gemu alizokatazwa kuzizungumzia, na kama kampuni hiyo inatangaza katika ukurasa huohuo. Mwandishi aliyetia sahihi sharti la kutoyataja masharti atanijibu kwamba hana ruhusa. Basi aandike kwamba hana ruhusa. Hilo peke yake litanitosha kuziacha mfukoni fedha zangu mpaka wiki ya pili, wakati watu wenye mashine kama yangu watakapokuwa wameirekodi gemu kwa mikono yao wenyewe, hitilafu zake zikiwa humo humo.