Beringi za mbele nimezifunga kwa mikono yangu

Jumamosi hii, baada ya miezi mitatu ya kujifunza taratibu, nimefungua haba (kitovu cha gurudumu) ya mbele ya Land Cruiser yangu ya mwaka 1993, nikasafisha beringi, nikazipaka grisi mpya na kuzirudisha bila msaada wa fundi.

Kazi ilianza kwa kusikitisha. Nati kubwa inayobana beringi, ambayo hufunguliwa kwa soketi ya milimita 54, ilikuwa imejaa makovu ya patasi, kwa kuwa aliyeifungua kabla yangu hakuwa na soketi hiyo akaamua kuigonga kwa nyundo. Ndani, grisi ilikuwa imebadilika rangi na kuwa kama maziwa yaliyotiwa kahawa, dalili kwamba maji ya mito tuliyovuka masika yaliyopita yalipenya kwenye sili (mpira wa kuzuia maji) iliyochoka.

Niliosha kila beringi kwa dizeli, nikaikausha, kisha nikaisukumia grisi kwa kiganja mpaka ikachomoza upande wa pili kati ya golori. Sehemu iliyonipa hofu ni kukaza: unakaza nati huku ukizungusha haba ili beringi zikae sawasawa, unailegeza, halafu unaikaza tena kwa upole mpaka mchezo, yaani kule kucheza-cheza kwa haba, uishe lakini haba iendelee kuzunguka kwa wepesi. Nilirudia mara nne.

Baada ya kilomita 20 za barabara ya vumbi nilishuka nikagusa haba zote mbili, na zilikuwa na uvuguvugu tu. Nimefurahi mno. Wiki ijayo nafungua breki za nyuma.