Nilivyosawazisha mbio za vidole kwenye Arabesque ya Burgmüller

Arabesque ni zoezi la 2 kati ya mazoezi 25 ya piano ya Opus 100 (mkusanyo wenye namba 100 katika tungo zake) ya Friedrich Burgmüller, Mjerumani wa Regensburg (1806–1874) aliyehamia Paris na kufundisha piano huko. Mazoezi hayo aliyatungia mikono midogo, ndiyo maana mbio zake nyingi zinakaa ndani ya vidole vitano. Kwenye karatasi linaonekana jepesi. Kazi yake ni usawa: noti nne za haraka, moja ya kutua, kisha kimya kifupi.

Mkono wa kulia unaanza A, B, C, B, A kwa vidole 1, 2, 3, 2, 1 (1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo). Baa (kipande kimoja cha mapigo) inayofuata ni A hadi E kwa 1 hadi 5, halafu mkono unahama na gumba linashika D. Kosa langu la kwanza lilikuwa gumba kuanguka kwa uzito wa mkono mzima, kwa hiyo kila kundi likaanza na kishindo na noti za 3 na 4 zikabanana. Nilibonyeza noti tano zote kwa pamoja, nikahamia D, nikabonyeza tano nyingine, mpaka mkono ukajua umbali bila macho. Safari hiyo hufanyika ndani ya kile kimya. Ukisubiri kiishe umeshachelewa. Baada ya hapo nilicheza noti moja ndefu na moja fupi, kisha nikageuza, fupi na ndefu, mara 5 kila namna. Kidole cha 4 hakina pa kujificha hapo.

Metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, niliiweka mapigo 60 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, nikapandisha 4 kila nilipopita mara 3 mfululizo bila kosa. Nikikosea narudi 8 nyuma. Chapa nyingi huandika 152, yaani noti kama 10 kwa sekunde. Nilitulia kwenye 120, na kwa maoni yangu zoezi lililo sawa kwa 120 lina uhai kuliko lililojikwaa kwa 152.

Akodi (noti kadhaa kwa pamoja) za mkono wa kushoto ziwe fupi na za sauti ya chini. Nilipoziachia zikae, zilifunika mbio zote. Pedali sikuigusa kabisa.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Mbio zinahamia mkono wa kushoto, na A, B, C, B, A ile ile sasa inachezwa 5, 4, 3, 4, 5. Yaani unaanzia kwenye vidole dhaifu kuliko vyote, na kano za cha 3, 4 na 5 zimeshikana, kimoja kikiinuka kinavuta jirani yake. Dalili yake ni kidole kidogo kulala ubavu na noti ya kwanza kupotea. Nilichofanya: niliinua kidogo kifundo cha mkono, nikakisogeza upande wa kidole cha 5 ili mkono ukae nyuma yake, nikaacha kuinua vidole juu. Viguse vibonye muda wote, vishuke tu. Mkono huu nilianza nao upya kwa 50, peke yake, na akodi za kulia nikaziongeza ulipofika 80. Mkono ukianza kuuma kuelekea kiwiko, acha hapo hapo; kifundo kimekaza, na kurudia hakutakisaidia.