Jina lako n'nani?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwa Yakobo, yani nimesoma nikarudia, maana kuna swali anaulizwa mara mbili maishani na majibu hayafanani. Mwanzo 27 baba yake macho hayaoni, anamuuliza u nani wewe mwanangu, anajibu "Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza". Inapita miaka 20 kwa Labani, usiku mmoja pale kivuko cha Yaboki (sura ya 32) anashindana mieleka na mtu mpaka alfajiri, huyo mtu anamuuliza tena jina lake, safari hii anasema Yakobo. Basi. Asubuhi anaondoka anachechemea.

Sa nikawakumbuka Wachina wa Taishan, mkoa wa Guangdong, kusini kabisa mwa China. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, alafu 1906 San Francisco ikapigwa na tetemeko na moto ukala rejista za vizazi, kwa iyo Mchina akisema mi nimezaliwa hapahapa nani atambishia? Akishakua raia anaenda kwao, akirudi anaandikisha kwamba amepata watoto wa kiume huko hata kama hakupata, na ile nafasi inauzwa kwa kijana wa ukoo mwingine kabisa. Waliitwa wana wa karatasi. Kijana anakariri ndani ya meli daftari la ukoo usio wake, wakikaribia kufika analitupa baharini. Pale Angel Island, kisiwa cha San Francisco chenye kituo cha uhamiaji kilichofanya kazi 1910 mpaka 1940, maofisa wanambana siku kadhaa kwa mamia ya maswali: kisima cha kijiji kiko upande gani, mstari wenu una nyumba ngapi, jirani ana watoto wangapi. Akikosea, anarudishwa.

Tusiwacheke. Huku kwetu wangapi wamerudia la saba kwa jina la mtu, mpaka leo kazini anaitwa hivi na mama yake anamwita vingine?

Kilichonigusa zaidi ni kwamba uongo ule haukuisha getini. Watoto wakazaliwa wakapewa ukoo wa karatasi, wajukuu hivyohivyo. Ile sheria ilifutwa 1943 ila hofu ikabaki palepale. 1956 serikali ikaanzisha mpango wa kuungama, njoo useme jina lako la kweli turekebishe, lakini ukisema wewe umeshawataja na wote walioingia kwa karatasi ileile, kaka, mjomba, binamu, na wao hujui kama wako tayari. Wengi wakanyamaza mpaka wanakufa. Mi naongea toba kila siku kama jambo la mtu na Mungu wake tu, kumbe kuna maungamo ukifungua mdomo unafungua na nyumba za wenzio, nikakosa cha kuwahukumia.

Ila nenda kwenye makaburi yao. Mawe mengi kwa Kiingereza yana jina la karatasi, na pembeni kwa Kichina limechongwa jina la kweli, pamoja na kijiji alichotoka. Mtu alikaa kimya maisha yake yote, jiwe ndo likaungama.

Leo wajukuu wanayapiga picha hayo mawe wanatafuta wa kuwasomea. Wengine wanapekua mafaili ya yale mahojiano, bado yamehifadhiwa, sema unatakiwa uangalifu, faili laweza kukupeleka kwenye kijiji cha mwenye karatasi na sio cha babu yako. Kuna wanaofunga safari mwezi wa nne, wakati wa Qingming, watu wanaposafisha makaburi ya wazee wao. Kijijini kama kuna bahati kipo kitabu cha ukoo, zupu, maana vingi vilichomwa kwenye ile vurugu ya Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, 1966 mpaka 1976, vilivyopona ni vile watu walivificha.

Na wazee wanauliza swali lilelile, babu yako aliitwa nani? Ukitaja jina la karatasi wanatazamana tu. Ukitaja lile la kwenye jiwe, mzee anavaa miwani, anafunua kurasa taratibu, kidole kinashuka.