Nilivyoitambua ndege ya kwenye ghala la mkonge, Muheza

Tangu niko mdogo wajomba walikuwa wananambia kuna shamba la mkonge huku Muheza lina ndege ya mzungu ndani ya ghala, mi nikajua ni hadithi za wakubwa tu. Mwaka jana nikasikia watu wa chuma chakavu wameshakwenda kuipigia bei. Roho ikaniuma kwelikweli, kesho yake asubuhi nikachukua bodaboda.

Ndani giza na popo, kitambaa cha mwilini kimechanika mpaka mabomba ya chuma yanaonekana kama mbavu. Pale wote wanaiita Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo ya Waingereza, kwa sababu silinda za injini zinatazama chini, nami nikaamini siku mbili nzima. Lakini Tiger Moth ina mabawa mawili kila upande, moja juu moja chini, na rubani anakaa wazi upepo unampiga, hii ina bawa moja tu juu ya kabini, ina milango, viti viwili mbele na nafasi ya mtu mmoja nyuma. Nikakesha na picha kwenye simu mpaka bando likakata: ni Auster, zilikuwa zinatengenezwa Rearsby, Uingereza, na kwa injini ile ya Cirrus Minor basi ni Autocrat, aina iliyoanza kuruka 1945.

Sasa ndo ipi? Namba ya kwenye injini usiishike sana maana injini hubadilishwa, ndege inabaki ileile. Nikamulika tochi kwa pembeni kabisa, siyo usoni, rangi ya juu ikaanza kuonyesha vivuli vya herufi za chini yake: juu 5H, chini VR-T. VR-T ni herufi za usajili wa ndege za Tanganyika wakati wa Mwingereza, 5H zimekuja baada ya uhuru, kwa hiyo hii iliendelea kuruka hata wakoloni walipoondoka. Herufi za mwisho hazisomeki, pale kitambaa kimeliwa. Kibati cha kiwandani nikakipata ndani ya kabini, kimejaa kinyesi cha popo, nikakisugua na kitambaa chenye maji taratibu sana (msasa marufuku jamani, unafuta namba milele) zikatokea tarakimu nne.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza wameweka kadi za zamani za usajili kwenye intaneti, bure. Ikanichukua wiki tatu kufungua moja moja mpaka namba ile ikatokea, wameandika imefutwa kwao, imeuzwa nje.

Bado ikabaki imefikaje hapa na kwa nini iliachwa. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi korona (kiwanda cha kusindika mkonge) miaka mingi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, umekuja kwa ile ndege?"

Akasema mzungu mwenye shamba ndo alikuwa anairusha, wao wanafukuza mbuzi kiwanjani akitaka kutua, na mwaka 1967 serikali ilipochukua mashamba bwana akaondoka, wakaisukuma ghalani kwa mikono, watu wanane. Nikamuuliza ilikuwa imeandikwaje ubavuni. Akachukua kijiti akachora mchangani herufi tatu, ya kwanza T, bila hata kufikiri.

Nimempelekea mwenye ghala picha na kadi ile. Ameweka kufuli jipya na juzi tumepulizia dawa ya mchwa, maana nguzo za ndani ya bawa ni za mbao.