Mzunze wa Bibi

Mbegu zile nilizinunua kwenye daladala ya Kariakoo–Rangi Tatu, tumekwama Mtoni kwa Azizi Ali, jua la saa nane, foleni haisogei. Ilikuwa 2008, nimepokea mshahara wangu wa kwanza, na kwa Bibi huendi mikono mitupu.

Jamaa alisimama mlangoni, karibu na konda, na begi jeusi na sauti ya mhubiri. Mlonge! Alianza na presha, akaingia kisukari, akapita vidonda vya tumbo. Alipofika nguvu za kiume, wazee wa siti ya nyuma wakaanza kukohoa. Mimi nilishanasa pale kwenye presha, maana Bibi alikuwa nayo. Nikatoa elfu tatu, nikapewa kipakiti cha nailoni kilichozibwa kwa moto wa mshumaa. Punje kama ishirini.

Kongowe nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea nini?"

Nikamhubiria kama nilivyohubiriwa. Akakifungua kipakiti kwa meno, akamwaga mbegu kiganjani: vidude vya kahawia, kila kimoja na mabawa yake matatu, makavu kama karatasi. Akazitazama. Akanitazama. Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea kwenye ua.

Ua ule Babu aliujenga kwa matawi aliyoyachomeka ardhini yawe nguzo, nguzo zikachipua. Nimekua nao. Ila nyumbani tuliuita mzunze. Jina la mlonge lilikuwa la watu wa kwenye daladala. Matunda yalining'inia marefu kama fimbo za mwalimu, mengine yamekauka na kupasuka, na chini yake mbegu zimetapakaa mchangani, kuku wanazikanyaga.

"Wamekuuzia ua wangu," akasema, akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Basi ikawa darasa. Majani niliyajua, tulikuwa tunayala na ugali, yamepikwa kwa tui. Kazi yake ni kuyapukuta tu kwenye vijiti. Matunda machanga yeye alijifunza kuyapika ujanani, akifanya kazi kwa Wahindi Upanga, ambao mti huu asili yake ni kwao. Unatia kwenye mchuzi, unatafuna nyama ya ndani, unatema nyuzi. Kisha akang'oa mche mdogo, akaukwangua mzizi ganda lote, akanikatia kipande cha ukubwa wa ukucha. Kilinipanda puani kama haradali, machozi yakanitoka. Shemeji yangu, mjamzito wa miezi mitano, akanyoosha mkono naye aonje. Akapigwa kofi la mkono.

"Wewe mzizi huu haukuhusu!"

Mbegu zangu za elfu tatu alizimenya, akazitwanga, akazikoroga kwenye ndoo ya maji ya kisima yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya saa mbili hivi tope lilikuwa limelala chini, juu unaona mpaka mkwaruzo wa ndoo. Akayachuja, akayainjika jikoni yachemke. Presha yake aliendelea kuimezea vidonge vya hospitali, tena kwa saa.

Jioni naaga, akanitilia kwenye rambo furushi la matunda makavu.

"Ukifika Azizi Ali, mpe mwenzio. Mwambie nauza kwa jumla."