Bata wa Gemu ya Mjomba

Tangu nitue Songwe, ndugu wananiuliza huko Uholanzi nilikuwa nakumbuka nini zaidi. Wanategemea nitaje parachichi za Rungwe, au ukungu wa asubuhi unavyoshuka kutoka mlima Loleza. Hivyo navyo nilivikumbuka sana. Ila kilichokuwa kinanijia nikiwa peke yangu chumbani, theluji inaanguka nje, ni gemu ya kaseti tuliyokuwa tukicheza sebuleni kwa mjomba, Soweto yetu ya hapa Mbeya. Watoto tumebanana kwenye mkeka, masweta mwilini, baridi ya Julai inapenya chini ya mlango.

Mjomba alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Likizo moja ya Desemba alirudi na boksi lenye mashine nyeupe, pedi mbili za kuchezea, bastola ya plastiki na kaseti ya manjano. TV yenyewe ilikuwa bado ajabu mtaani. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni yake mwaka 1994, na nyumba nyingi za jirani hazikuwa na seti. Kwa hiyo kwa mjomba palijaa hata kabla ya gemu, na ilipokuja hatukuwa na pa kuweka miguu.

Ukubwani ndipo nilipojua asili yake. Ilikuwa nakala ya Family Computer, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Sakiti zake ni rahisi kiasi kwamba watengenezaji wengine wa Asia waliweza kuzibana karibu zote ndani ya chipu moja, wakaiuza kwa bei ambayo dereva wa lori angeimudu. Wakati sisi tunaishangilia, watoto wa Japani walikuwa wameshahamia PlayStation, iliyotoka Desemba 1994. Kwetu ilikuwa mpya kabisa, na furaha yetu haikupungua hata chembe.

Sheria ilikuwa moja: ukifa, unatoa pedi. Hakuna aliyeiandika, na hata mtoto wa mwenye nyumba aliifuata. Unamkabidhi anayefuata, unarudi nyuma ya mkeka, unaanza kumwelekeza kwa sauti kubwa. Asilimia kubwa ya utoto wangu nimeitumia nyuma ya mkeka ule, na siijutii dakika moja. Huko nyuma ndiko nilikojua nani ana hasira za haraka, nani atakugawia kipande chake cha muhogo, nani anaweza kukuachia zamu yake kwa sababu kesho unahamia Iringa.

Contra, gemu ya askari wenye bunduki, ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, maana wawili hucheza upande mmoja. Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji. Hapo njia inapanda juu, na skrini inamfuata aliyetangulia. Aliyebaki chini skrini ikimpita, anakufa. Ukiwa na haraka unamuua mwenzako bila kumpiga risasi. Kaka yangu alikuwa hodari kunishinda mbali, lakini pale kwenye maji alikuwa anasimama juu ya jiwe, anaruka papo hapo kukwepa risasi, ananingoja. Wenzake walimpigia kelele aniache. Hakuniacha hata siku moja.

Siku bibi alipokuja kutoka Tukuyu, tulimpa bastola. Alikaa kwenye kigoda, akalenga bata wa kwenye skrini, akafyatua. Bata akaanguka. Nyumba nzima ilipiga kelele, naye akairudisha bastola taratibu kwa mikono miwili, akasema, “Ndaga fijo,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Baadaye yalikuja mabanda ya PS2, yaani PlayStation ya pili, kule Kabwe na Mwanjelwa, unalipa kwa mechi, gemu ya mpira ya Winning Eleven kutwa nzima, kila mtu anamtaka Adriano, mshambuliaji wa Brazil, kwa ajili ya mashuti yake. Wavulana wana mengi ya kusimulia huko. Mimi sikuyazoea, msichana hakukaa humo kwa raha.

Wiki hii mjomba alifungua stoo akanitolea ile mashine, imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Tuliichomeka kwenye TV bapa ya sebuleni. Picha ikaja! Mario akatembea, ule muziki ukalia, mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Lakini bata hawakufa. Tulilenga karibu, tukalenga mbali, bata wanapita tu.

Bastola ile haitoi chochote. Ina jicho linalopokea mwanga. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe kinatokea pale alipo bata. Jicho likiuona ule weupe kwa wakati wake, umempata. TV ya chogo ilichora picha papo hapo, mstari kwa mstari, ishara inapofika. Hizi bapa huichakata kwanza, na huo ucheleweshaji mdogo unatosha kumwokoa bata.

Mtoto wa kaka alikuwa pembeni na simu yake, anacheza mpira na mtu asiyemjua wa nchi nyingine. Gemu yake ni nzuri, nimeicheza, picha zake ni kama mechi ya kweli. Nikamuuliza, “Akifungwa, nani anafuata?” Akasema, “Hakuna anayefuata, shangazi, tunaanza tena.” Nikampa pedi ya pili. Kwenye maporomoko nilimngoja juu ya jiwe. Alikufa mara nyingi, na kila mara alitaka turudie.

Sasa natafuta TV ya chogo iliyo nzima, yoyote, hata ya inchi 14. Mafundi wa Mwanjelwa wameniahidi kuulizia. Mwenye nayo Sisimba, Mabatini au hata Uyole aniambie, nitaifuata mwenyewe. Kaka anakuja mwishoni mwa mwezi kutoka Dodoma, na nimeshawaambia watoto kwamba zamu ya kwanza ni yake.